Picha ya TV ni mbovu: kosa ni la kebo, la antena, au la TV yenyewe?

Waswahili wanaoishi Marekani, wakianza kuulizana habari za TV, huleta malalamiko mawili yanayopingana. Wa kwanza anasema: nalipia kebo kila mwezi, halafu jirani mwenye antena ya bei chee dirishani anaona mpira vizuri kuliko mimi. Wa pili anasema: nimekata kebo, nimeweka antena, picha ni kali kweli, ila inaganda kila ndege ikipita. Wote wawili wanasema kweli. Tatizo ni kwamba huwa wanabadilishana dawa: mwenye picha ya ukungu anakimbilia kununua busta (kifaa cha kukuza mawimbi), na mwenye picha inayoganda anashinda kwenye menyu ya rangi.

Kabla hujagusa kitu, amua picha yako inaumwa nini. Enzi za analogia, mawimbi yakipungua picha ilijaa chenga na vivuli, lakini uliendelea kuona. Marekani ilizima analogia kwenye vituo vyake vikubwa tarehe 12 Juni 2009. Waliokuwa Dar es Salaam wanaikumbuka ya kwao, 31 Desemba 2012, na hekaheka ya kutafuta ving'amuzi. Tangu hapo mambo yalibadilika. TV ama inapokea data ya kutosha na kuonyesha picha kama ilivyotumwa, ama data inapotea na picha inavunjika vipande. Mawimbi hafifu hayaleti ukungu kwenye picha ya dijitali, na antena kubwa haiwezi kuing'arisha picha ambayo tayari inaingia bila kukatika.

Kwa hiyo: picha yenye ukungu au iliyopauka, lakini haikatiki, ina kosa kwa mtumaji au kwenye mipangilio. Picha inayoganda, inayovunjika, au inayopotea ina kosa njiani: antena, nyaya, splita (kigawanya waya), viunganishi. Ukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Picha ya kebo ina ukungu, lakini haigandi

Sababu inayoongoza ni ya aibu kidogo: hauko kwenye chaneli ya HD, yaani ya picha kali. Kampuni nyingi za kebo huweka kituo kimoja mara mbili, namba ndogo kwa picha ya kawaida na namba kubwa kwa HD, na kidole kimeshazoea namba ndogo. Bonyeza kitufe cha "Info" kwenye rimoti uone kilichoandikwa. Kama hakuna HD, tafuta namba nyingine ya kituo hichohicho.

Inayofuata ni king'amuzi kilichopangwa kutoa picha ya mistari 480, ambayo si HD. Hutokea sana kikibadilishwa au kikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani. Ingia kwenye mipangilio ya video, weka 1080i au 1080p. Kama kuna chaguo la kuiacha picha itoke kama ilivyoingia, lichague, maana TV nyingi za sasa hukuza picha vizuri kuliko kisanduku cha kampuni.

Tatu, tazama nyuma ya TV. Zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe hazibebi HD hata kidogo. Tumia HDMI. Usidanganywe ununue HDMI ya bei mbaya, kwa sababu nao ni waya wa dijitali: ukipitisha picha umepitisha, na ukishindwa utaona cheche, vimulimuli au giza. Ukungu hautoki huko.

Nne ni mipangilio ya TV yenyewe, na hapa pana mtego ambao umeharibu ulinganisho mwingi wa kebo na antena. TV nyingi huhifadhi mipangilio ya picha kwa kila tundu peke yake. Antena inaweza kuwa kwenye hali ya "Movie" na tundu la HDMI la kebo likawa kwenye "Vivid", yenye ukali uliopandishwa mpaka kingo za watu zina mistari myeupe na nyuso kama za plastiki. Mtu akihama kutoka kimoja kwenda kingine anasema kebo ni mbaya, kumbe analinganisha menyu mbili. Weka matundu yote mawili kwenye hali moja, shusha ukali karibu na sifuri, zima kupunguza chenga na zima kulainisha mwendo. Ndipo ulinganishe.

Ukifanya hayo yote na ukungu ukabaki, umefika kwenye sababu ambayo huwezi kuitibu: kampuni imeibana picha kupita kiasi.

Viboksi vinatokea pale tu vitu vinapokimbia

Uso wa mtangazaji ni safi, lakini kamera ikimfuata winga anayekimbia, nyasi zinageuka zulia la kijani. Karatasi za rangi zikirushwa kwenye sherehe za ubingwa, skrini nzima inakuwa viboksi, kisha inatulia. Hiyo si hitilafu ya nyumbani kwako. Ni uhaba wa data.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kituo cha hewani kinachotumia ATSC ya kwanza, yaani mfumo wa TV ya dijitali wa Marekani, kina nafasi ya masafa ya MHz 6, na ndani yake kinabeba megabiti 19.39 kwa sekunde. Kebo, kwa sababu waya ni mazingira tulivu kuliko hewa, hupitisha takriban megabiti 38.8 katika nafasi hiyohiyo. Ukiishia hapo utadhani kebo ndiyo mshindi. Lakini kituo cha hewani kinaweza kuipa chaneli yake kuu sehemu kubwa ya zile 19, wakati kampuni ya kebo inasukuma chaneli tatu, nne au zaidi za HD katika zile 38. Mara nyingi pia inachukua picha iliyokwisha kubanwa na kituo, inaifungua, inaibana tena kwa mtindo wake. Kila kubana kunapoteza kitu, na nyasi za uwanjani ndizo za kwanza kulalamika, kwa kuwa kila jani linasogea na mashine haina cha kurudia kutoka picha iliyopita.

Ndiyo maana kipimo changu ni nyasi. Tafuta mechi inayorushwa na NBC, CBS, ABC au Fox, ifungue kwa antena, kisha kwa kebo, na subiri kamera izunguke haraka. Usilinganishe kwa taarifa ya habari; mtu aliyekaa nyuma ya meza hata picha duni humtosha.

Hata hivyo antena haishindi kila mahali. Vituo vingi vimegawa zile megabiti 19 kwa chaneli ndogo ndogo, yaani .2, .3, .4 na kuendelea, zenye filamu za kikauboi na vipindi vya kuuza sufuria, na kila mojawapo inamega kipande cha chaneli kuu. Tangu mfumo mpya wa ATSC 3.0 uruhusiwe mwaka 2017, kumeongezeka jambo jingine: kituo kinachohamia huko huiacha chaneli yake ya mfumo wa zamani ipangishwe kwa kituo jirani, na unaweza kukuta HD mbili au zaidi zimebanana katika nafasi iliyokuwa ya moja. Kama picha ya antena ilikuwa kali miaka iliyopita na sasa nyasi zimeanza kuyeyuka, antena yako haina kosa. Tazama kituo chako kina chaneli ndogo ngapi. Zikiwa sita au saba, umepata jibu. Sehemu za namna hiyo, kebo inaweza kuwa sawa au bora, hasa pale kampuni inapoletewa picha moja kwa moja kutoka kituoni kabla haijabanwa kwa ajili ya mnara.

Na ujue kuwa ABC na Fox hutumia mistari 720 yenye picha kamili 60 kwa sekunde, NBC na CBS hutumia 1080i. Kwenye TV ya inchi 65 tofauti inaonekana, hata kama 720 inatulia vizuri zaidi kwenye mwendo. Mtu aliyenunua TV ya 4K akidhani sasa kila kitu kitakuwa 4K atakuta kinyume: skrini kubwa inaonyesha makosa ambayo ile ya inchi 32 ilikuwa inayaficha. Sogeza kochi nyuma kidogo. Ni tiba, msicheke.

Antena: picha inaganda, inavunjika vipande, sauti inakatika

Hapa ndipo penye kazi, lakini pia ndipo unapoweza kurekebisha karibu kila kitu mwenyewe.

Anza na mahali antena ilipo. Mara nyingi sana tatizo ni hilo: imebandikwa nyuma ya TV kwa sababu inapendeza huko. Ihamishie kwenye dirisha linaloelekea minara, juu iwezekanavyo. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ina ramani ya mtandaoni ya mapokezi ya TV. Andika anwani yako, itakuonyesha vituo vyako, nguvu yake na upande ilipo minara. Kisha fungua kipimo cha mawimbi kwenye menyu ya TV na usogeze antena kidogo kidogo, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara. Kama kipimo kina namba mbili, ya nguvu na ya ubora, fuata ya ubora. Mawimbi yanaweza kuwa na nguvu tele lakini yamechafuka, na TV haitaweza kuyasoma.

Kinachoyachafua mara nyingi ni mwangwi. Mawimbi hugonga jengo, mlima, au ndege inayopita, yakafika mara mbili kwa nyakati tofauti. Yule mwenye malalamiko ya ndege hana uchawi; antena yake inasikia pande zote. Antena ya kuelekezwa upande mmoja ndiyo dawa, na busta haitamsaidia kwa kuwa itakuza mwangwi pamoja na mawimbi. Miti nayo ni hivyohivyo: antena inayofanya kazi vizuri Januari na kusumbua Juni imezibwa na majani, tena yakilowa na kutikiswa na upepo ndiyo mbaya zaidi. Ukuta wenye wavu wa chuma chini ya plasta, vioo vilivyopakwa utando wa kuzuia joto, na karatasi ya fedha kwenye dari vinaweza kuyazima mawimbi kabisa. Nyumba ya namna hiyo inataka antena ya nje.

Wapangaji wengi huogopa kuweka ya nje. Kanuni ya FCC inamruhusu mpangaji kuweka antena ya TV kwenye eneo ambalo ni lake peke yake, kama roshani yake, hata mwenye nyumba akinuna. Paa na kuta za pamoja hazimo.

Kituo kimoja tu kikisumbua na vingine vikiwa salama, uliza masafa yake ya kweli. Namba unayoiona kwenye skrini ni jina tu. Kituo kinachojiita 5 kinaweza kuwa kinarusha UHF, yaani masafa ya chaneli 14 kwenda juu. Lakini vile vinavyorusha kweli kwenye VHF, yaani 2 hadi 13, hupita kwa shida kwenye antena bapa za kubandika, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa UHF. Taa za LED za bei ya chini na chaja za simu pia huchafua VHF. Zizime moja moja ukitazama kipimo. Dawa ya kudumu ni antena yenye vijiti virefu, hata yale masikio ya sungura ya zamani.

Kisha nyaya. Splita ya njia mbili humla kila mmoja takriban desibeli 3.5 za nguvu ya mawimbi, ya njia nne karibu 7. Jaribu TV moja, waya mmoja, bila splita. Ikitulia, umemkamata mwizi. Waya mwembamba wa zamani wa RG-59 ubadilishe kwa RG-6, na kaza viunganishi kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana.

Busta nimeiweka mwisho makusudi. Inafaa pale waya ni mrefu au TV ni nyingi, na mahali pake ni karibu na antena, siyo nyuma ya TV. Busta isiyopata umeme ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa hiyo hakikisha adapta yake imechomekwa na kwamba splita iliyo katikati inapitisha umeme. Ukiwa maili chache kutoka minarani, itoe kabisa: mawimbi makali mno huilevya TV na dalili zake zinafanana na za mawimbi hafifu. Kitu kingine kinachoilevya ni minara ya simu. Masafa ya TV yalikuwa yakifika chaneli 51. Mnada uliofungwa 2017 uliyakata hadi 36, na yaliyobaki juu yake wakapewa watu wa simu. Antena na busta za kabla ya hapo bado zinayakusanya. Kichujio kidogo cha LTE, cha kuzuia mawimbi ya simu, kati ya antena na busta kinatosha.

Kebo: picha inaganda au inavunjika

Uliza kwanza: ni chaneli zote, au ni kundi fulani? Zikiwa zote na king'amuzi ni kimoja, kizime, chomoa umeme kwa dakika moja, kirudishe. TV ya chumba kingine ikiwa salama, kosa ni king'amuzi au waya wa chumba hicho. Badilishana visanduku viwili uone kosa linahama na kisanduku au linabaki chumbani.

Yakiwa ni makundi ya chaneli, hasa ya namba zisizofuatana, tatizo ni masafa fulani yanayopotea kwenye waya. Chaneli za kundi moja husafiri pamoja, zikianguka zinaanguka pamoja. Kaza viunganishi vyote, toa splita usizozijua kazi yake, na kila tundu la splita lisilo na waya lizibe kwa kizibo chake. Picha ikiharibika baada ya mvua, maji yameingia kwenye kiunganishi cha nje. Ukikiona kina kutu ya kijani, hakikaushiki, kinabadilishwa.

Ving'amuzi vingi vina ukurasa wa vipimo. Tafuta kinachoandikwa SNR, yaani mawimbi yanavyozidi kelele. Kwa chaneli za kebo za kawaida, kikishuka chini ya desibeli 33 hivi uko ukingoni, na viboksi viko njiani.

Onyo moja ambalo watu hawalijui: usiunganishe antena na kebo kwenye splita moja ili "zichanganyike". Mawimbi ya kebo yatatoka kupitia antena yako na kuingia hewani, na kebo hutumia pia masafa ya mawasiliano ya ndege, MHz 108 hadi 137. Kampuni hupita mitaani na vifaa vya kutafuta uvujaji, na zikikupata zinaweza kukukatia. Ukitaka vyote viwili, kebo iende kwenye HDMI, antena kwenye tundu la antena.

Chaneli imepotea kabisa

Skani upya. Ni hilo tu, mara nyingi. Kati ya 2018 na Julai 2020 mamia ya vituo vilihamishwa masafa, na uhamaji mdogo mdogo unaendelea. TV haijui mpaka uiambie itafute. Kama antena yako inageuzwa kwa pande mbili, jihadhari, kwa kuwa skani mpya hufuta ya zamani. Kwa kebo iliyochomekwa moja kwa moja kwenye TV bila king'amuzi, usijisumbue: tangu FCC iruhusu mwaka 2012, kampuni nyingi zimefunga kwa msimbo hata chaneli za msingi.

Watu wamenenepa, au matokeo ya mechi yamekatwa pembeni

Kitufe cha ukubwa wa picha. Weka 16:9 na uchague "Just Scan" au "Screen Fit", jina hutegemea TV. Haihusiani na kebo wala antena.

Jirani anashangilia goli kabla yako

Kebo huchelewa kwa sekunde kadhaa kwa sababu ya kubana upya, na ya intaneti huchelewa zaidi. Antena ndiyo ya kwanza. Hakuna mpangilio wa kuharakisha.

Hapa acha, ita mwenye kazi yake

Ukigusa ganda la chuma la waya wa kebo au antena ukasikia shoti, hata ya kutekenya, usiurudie na usiuchomoe. Ikiwa na taa za nyumba zinang'aa sana chumba kimoja na kufifia kingine, huenda nyutro ya nyumba (waya wa kurudisha umeme) imekatika na umeme unatafuta njia kupitia waya wa TV. Piga simu kampuni ya umeme, siyo ya kebo, na usisubiri kesho.

Usipande paani kama waya wa umeme uko ndani ya mita 6 kutoka mahali antena itakapokuwa au inapoweza kuangukia. Mlingoti wa alumini hausamehe. Antena yoyote ya nje lazima iwe na ethi, yake na ya waya wake, iliyounganishwa na ethi ileile ya nyumba. Kuchimbia fimbo yako peke yake pembeni bila kuiunganisha na ya nyumba kunaongeza hatari ya radi. Kama hujui ya nyumba iko wapi, ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Busta yenye joto la kuunguza au harufu ya kuungua, chomoa kwenye soketi ya ukutani na uitupe.

Boksi la kampuni lililo nje na waya unaotoka nguzoni ni vyao, usivifungue. Kabla fundi wao hajaja, andika kwenye karatasi chaneli zinazosumbua, saa, hali ya hewa, na namba za SNR wakati tatizo lipo. Akifika mchana jua likiwaka kwa hitilafu inayotokea usiku wa baridi, atakuta kila kitu kinafanya kazi na ataondoka. Karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya apande nguzo.